Ugwe ukibanwa shingoni: jinsi ya kulinganisha aina za upasuaji kabla ya kutia sahihi

Mama yangu ni fundi cherehani Tandika. Ugonjwa wake haukuanza na maumivu ya shingo. Ulianza na sindano: alishindwa kutunga uzi, baadaye akashindwa kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe, kisha akaanza kutembea kwa kutanua miguu kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi. Tulipoteza karibu mwaka mzima. Duka la dawa la mtaani lilimpa vidonge vya vitamini B kwa ajili ya ganzi. Jirani akasema ni kiharusi kidogo. Shangazi akataka apelekwe kwa mkandaji. Kipimo cha MRI kilipofanyika ndipo tukaambiwa ugwe wa mgongo, ile kamba ya fahamu inayoshuka kutoka kwenye ubongo, umebanwa shingoni.

Halafu mabingwa wawili wakatupa ushauri tofauti. Mmoja alitaka apasuliwe kwa mbele, mwingine kwa nyuma. Niliketi kwenye benchi la nje ya kliniki nikiwa na bahasha ya picha mapajani, sijui hata swali la kuuliza. Mimi si daktari, na maelezo haya hayachukui nafasi ya bingwa aliyeshika picha zako. Ni njia tuliyopita sisi, pamoja na mambo niliyojifunza kwa kuuliza sana, ili na wewe ufike kwa bingwa ukiwa na maswali.

Hatua ya 1: Jua kinachobanwa ni kipi

Shingo ina pingili saba, zinazoandikwa C1 hadi C7 kutoka juu kwenda chini. Kati yake kuna diski, na nyuma ya diski kuna mfereji wa mifupa ambamo ugwe hupita. Umri ukisonga, diski hukauka na kutokeza, mifupa huota vijipembe, na kano za ndani ya mfereji hunenepa au hata kugeuka mfupa. Mfereji unasinyaa.

Kikibanwa kishipa kimoja cha fahamu kinachotoka pembeni, mtu hupata maumivu makali yanayoshuka mkono mmoja. Hayo yanaumiza, lakini mara nyingi hutulia kwa dawa na mazoezi. Ugwe wenyewe ukibanwa, dalili ni nyingine na mara nyingi hazina maumivu kabisa: vidole vinakuwa vizito, mwandiko unaharibika, miguu inakakamaa, mtu anayumba hasa gizani, anahisi shoti ya umeme ikishuka mgongoni akiinamisha kichwa, au mkojo unamjia kwa haraka asiweze kuuzuia. Kwa sababu hakuna maumivu, watu husubiri. Hilo ndilo linalowaponza.

Kipo kipimo cha nyumbani cha kukupa fununu. Mwambie mgonjwa afumbe ngumi na kukunjua vidole vyote haraka kwa sekunde 10. Mtu mzima mwenye afya hufikisha mara 20 au zaidi. Mama alifikisha 11. Kisha mwambie atembee kwenye mstari wa vigae, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa yote mawili, usinunue dawa ya ganzi tena, tafuta rufaa.

Udhaifu ukiongezeka ndani ya siku chache, au mtu akaanza kushindwa kuzuia haja, au dalili zikaja ghafla baada ya kuanguka, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke idara ya dharura siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Kusanya picha zote, si ripoti peke yake

Hapa ndipo tulipokosea, nami nitakaa kidogo.

MRI huonyesha ugwe, diski na kano. Inaonyesha pia kama ndani ya ugwe kuna doa jeupe, alama kwamba umeanza kuumia. Lakini MRI hupigwa mgonjwa akiwa amelala, na shingo iliyolala si shingo iliyobeba kichwa. Ndiyo maana inahitajika eksirei ya ubavuni akiwa amesimama, pamoja na nyingine mbili akiinamisha kichwa mbele na akikirudisha nyuma. Hizo zinaonyesha mambo mawili ambayo MRI huyaficha: mpindo wa shingo ukoje, na kama kuna pingili inayoteleza. Bingwa akishuku kano iliyogeuka mfupa, ataomba na CT, picha inayoonyesha mifupa vizuri zaidi.

Bingwa wetu wa pili alikuwa amesoma ripoti ya MRI tu, ambayo ilitaja mfereji mwembamba kuanzia C3 hadi C7. Akaona ngazi nyingi, yaani sehemu nyingi za kati ya pingili na pingili, akapendekeza nyuma. Wa kwanza alikuwa na CD yenyewe pamoja na eksirei za kusimama. Aliona kwamba ugwe umebanwa kwelikweli sehemu mbili tu, kati ya C4 na C5, kisha kati ya C5 na C6, na kwamba shingo ya Mama inapinda kuelekea mbele akisimama. Hawakubishana. Walitazama vitu tofauti. Wa pili alipoletewa picha zote alikubaliana na mwenzake.

Kwa hiyo omba CD, inakili kwenye flashi, weka nakala nyingine kwa ndugu. Na uliza waziwazi kama sababu nyingine zimeondolewa: kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo sana kwetu, na uvimbe wa saratani pia unaweza kubana ugwe. Kifua kikuu kina dawa zake za miezi mingi, na mpango wake wa upasuaji ni tofauti na huu ninaouelezea.

Hatua ya 3: Pima ukali

Madaktari hutumia alama zinazoitwa mJOA, jumla 18 kwa mtu mzima asiye na tatizo: mikono 5, miguu 7, hisia za mikono 3, mkojo 3. Alama 15 hadi 17 ni hali nyepesi, 12 hadi 14 ya kati, 11 kushuka chini ni kali. Kipimo cha asili kilitoka Japani na kiliuliza kama mgonjwa anaweza kula kwa vijiti. Sisi tulijiuliza kama Mama anaweza kumega tonge na kuchovya mchuzi bila kudondosha.

Kwa hali ya kati na kali, mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2017 unashauri upasuaji. Kwa hali nyepesi, mgonjwa anaweza kuchagua upasuaji au mazoezi chini ya usimamizi wa mtaalamu wa viungo, huku akipimwa mara kwa mara. Akianza kushuka, apasuliwe. Hakuna kidonge, sindano wala mkandaji anayeweza kuupanua mfereji wa mifupa.

Na jambo hili lisemwe mbele ya ndugu wote kabla ya kuchangishana: lengo la kwanza la upasuaji ni kuzuia ugwe usiumie zaidi. Wengi hupata nafuu, wengine nafuu kubwa, lakini kilichokwisha kufa ndani ya ugwe hakirudi. Aliyebanwa miezi michache ana nafasi nzuri kuliko aliyebanwa miaka.

Hatua ya 4: Iulize picha maswali manne

Usianze na swali la upasuaji upi ni bora. Anza na haya, na umwombe bingwa akuonyeshe kwa kidole kwenye skrini. Ugwe unasukumwa kutoka mbele au nyuma? Ni ngazi ngapi zinazobana kweli, si zile zilizotajwa tu kwenye ripoti? Mpindo wa shingo ukoje, umerudi nyuma kama kawaida, umenyooka, au umeinamia mbele? Kuna pingili inayocheza?

Swali la mpindo ndilo lililonifumbua macho. Shingo yenye afya ina mpindo kama upinde, na ugwe unapita ndani yake. Ukifungua paa la mfereji kwa nyuma, ugwe hujisogeza nyuma na kuachana na kile kinachousukuma mbele. Lakini shingo ikiwa imeinamia mbele, ugwe umetandazwa juu ya uvimbe kama kamba iliyovutwa juu ya jiwe. Utaondoa paa lote na bado ugwe utabaki umelalia jiwe.

Hatua ya 5: Sasa linganisha

*Kupitia mbele.* Upasuaji unaofanywa zaidi ni kutoa diski na kuunganisha pingili. Kwenye faili utaona umeandikwa ACDF. Ulianza miaka ya 1950 huko Marekani. Mkato ni mdogo, kwenye mkunjo wa ngozi mbele ya shingo. Koo na umio husogezwa pembeni, diski hutolewa pamoja na vijipembe, pengo hujazwa kipande cha mfupa au kijisanduku maalumu, na mara nyingi hufungwa bamba na skurubu. Unafaa zaidi kwa ngazi moja au mbili, wakati mwingine tatu, na unafaa hasa shingo iliyoinama kwa sababu unaweza kuirudishia mpindo. Misuli haikatwi sana, hivyo maumivu baada yake ni madogo.

Gharama yake iko kooni. Kumeza huwa kugumu kwa siku au wiki, na sauti inaweza kukwaruza kwa sababu mshipa wa fahamu wa sauti upo jirani. Kwa wengi hupona. Kwa wachache hubaki. Kama mgonjwa ni mwanakwaya, muadhini, mwalimu au muuzaji wa kunadi sokoni, lisemeni hilo mapema, maana sauti ni riziki. Hatari ndogo lakini kubwa kwa uzito ni damu kuvilia shingoni na kuziba pumzi, nitairudia. Tena, pingili zilizounganishwa hazipindi, kwa hiyo jirani zake hubeba mzigo zaidi: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulikuta karibu wagonjwa 3 katika kila 100 wanapata dalili mpya kwenye ngazi ya jirani kila mwaka.

Kinachobana kikiwa nyuma ya mwili wa pingili yenyewe, si kwenye diski tu, hutolewa mwili huo wa pingili au sehemu yake kubwa na kuwekwa nguzo. Hiyo ni korpektomi. Ni kazi nzito zaidi, na nguzo inaweza kuteleza, hivyo uliza bingwa amezifanya ngapi.

Ipo pia diski bandia inayoacha shingo iendelee kucheza. Ndugu wengi huvutiwa na jina lake. Inamfaa mtu mwenye diski moja au mbili zilizotokeza, viungo vya nyuma vizima, na shingo isiyo na vijipembe vingi. Mzee aliyebanwa na mifupa iliyoota kwa miaka 20 si mgonjwa wake, na bingwa akikataa ana sababu.

*Kupitia nyuma.* Ngazi zikiwa tatu, nne au zaidi na mpindo ukiwa mzuri, njia ya nyuma huufungua mfereji wote kwa mara moja. Hapa kuna matawi matatu, na lazima ujue unapewa lipi, kwa sababu ndugu huambiwa tu kuwa atafunguliwa nyuma.

Laminektomi peke yake ni kuondoa paa la mfereji bila kuweka vyuma. Ni ya zamani na ya bei nafuu, lakini shingo inaweza kuja kuinama mbele miaka inavyopita. Ukipewa hii, uliza kwa nini mpindo wako hauhitaji vyuma. Laminektomi yenye kuunganisha huongeza skurubu na vyuma viwili. Shingo inakuwa imara lakini inapoteza sehemu ya kugeuka. Ya tatu, laminoplasti, ilikuzwa Japani miaka ya 1970. Paa halitupwi: linakatwa upande mmoja, upande wa pili unaachwa kama bawaba, kisha linafunguliwa kama mlango na kushikizwa likiwa wazi. Shingo huendelea kucheza kwa kiasi. Haifai shingo iliyoinama wala yenye pingili inayoteleza, na mtu mwenye maumivu makali ya shingo tangu mwanzo anaweza kubaki nayo.

Njia ya nyuma hukata misuli, kwa hiyo maumivu ya shingo na mabega ni makubwa zaidi, na kidonda hupata maambukizi kirahisi zaidi, hasa kwa mwenye kisukari. Pia bega linaweza kulegea ghafla siku chache baadaye, mtu akashindwa kuinua mkono kuchana nywele. Hutokea kwa karibu wagonjwa 5 katika 100, na baada ya njia ya mbele pia linaweza kutokea. Wengi hupona ndani ya miezi. Kama familia haijaambiwa, itadhani daktari ameharibu.

Shingo iliyopinda vibaya sana huweza kuhitaji mbele na nyuma pamoja.

*Na pale njia zote mbili zinapowezekana?* Mwaka 2021 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la Marekani na Kanada lenye wagonjwa 163 wa aina hiyo, waliogawiwa njia kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja uwezo wao wa mwili haukupishana kwa kiasi cha maana. Matatizo yalikuwa mengi zaidi kwa waliopasuliwa mbele, 48 kwa 100 dhidi ya 24, na mengi ya hayo yalikuwa shida ya kumeza. Waliofanyiwa laminoplasti walionekana kufanya vizuri zaidi, ila hao hawakuchaguliwa kwa kura, kwa hiyo hilo lisichukuliwe kuwa hukumu. Kwangu maana yake ni hii: picha ikiruhusu njia zote, mgonjwa ana haki ya kuchagua kwa kuangalia maisha yake, na mkono uliozoea kazi fulani una uzito kuliko jina la upasuaji.

Hatua ya 6: Kaa na bingwa, kisha kaa na pesa

Dar es Salaam upasuaji wa uti wa mgongo hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga. Zipo pia hospitali za binafsi zenye mabingwa. Ukitokea hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, hakikisha barua ya rufaa inaandika udhaifu wa mikono na miguu, si maumivu ya shingo peke yake. Neno hilo hubadilisha haraka ya kupangiwa tarehe.

Maoni ya pili si utovu wa adabu. Sema tu, "Daktari, shikamoo, naomba utusaidie kuelewa kwa nini umechagua njia hii na si ile nyingine, na shingo ya Mama ingekuwaje kama tungechagua hiyo nyingine." Bingwa mzuri hufurahia swali hilo. Uliza amefanya upasuaji huo mara ngapi, na nani atamwangalia mgonjwa usiku wa kwanza.

Upande wa fedha, omba makadirio ya maandishi yanayotenganisha vifaa (bamba, skurubu, vijisanduku), chumba cha upasuaji, ICU kama itahitajika, na mazoezi ya viungo baadaye. Vifaa ndivyo hupandisha hesabu, na kila ngazi inayoongezwa ina vyuma vyake. Mwenye bima apite dirisha la bima kabla ya kupangiwa tarehe, aulize kama vifaa vimo kwenye kifurushi chake na kibali kinachukua siku ngapi. Tafuta mapema ndugu wawili watatu wa kuchangia damu.

Kaka yangu wa Mwanza alitaka Mama apelekwe India. Sikumpinga kwa sababu ya uzalendo. Nilimuuliza swali moja: kidonda kikivimba wiki ya tatu, nani atakishika? Mwenye jibu zuri la swali hilo aende.

Hatua ya 7: Mlinde mgonjwa wakati mnasubiri

Asipande bodaboda. Shimo moja la barabarani linatosha kuumiza ugwe uliobanwa. Asibebe ndoo wala mzigo kichwani. Kinyozi asimzungushe shingo mpaka ilie, na mkandaji asiiguse. Mvutaji sigara aache, kwa sababu mfupa hauungi vizuri. Kisukari na presha vishushwe. Dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini pamoja na dawa za mitishamba zitajwe zote kwa daktari. Naye daktari wa usingizi aambiwe habari za shingo kabla ya siku yenyewe, maana kuingiza mpira wa hewa kunataka uangalifu wa pekee.

Umeme ukikatika usiku, mgonjwa asitembee bila taa. Miguu yake haimwambii tena iko wapi. Macho ndiyo yanayomshikilia.

Hatua ya 8: Baada ya upasuaji

Siku tatu za kwanza za njia ya mbele, shingo ikivimba, sauti ikibadilika ghafla au pumzi ikawa nzito, piga kelele wodini. Usiogope kuonekana msumbufu. Ukiwa umesharudi nyumbani, udhaifu mpya, homa, kidonda kutoa maji au mguu mmoja kuvimba ni sababu za kurudi mara moja.

Mama, aliyepasuliwa kwa mbele, aliishi kwa uji, mtori na supu iliyochujwa wiki mbili, ugali ulimkwama. Sauti ilikwaruza wiki kama sita. Tulikodi kiti cha choo kwa sababu kuchuchumaa kulikuwa hatari, tukaweka mkono wa kushikia ukutani. Wenye kuswali wanaweza kuswali wakiwa wameketi mpaka daktari aruhusu kusujudu. Kola huvaliwa kwa muda atakaosema bingwa, si kwa muda jirani aliovaa yeye.

Mazoezi ya viungo yasikatizwe pesa zikipungua. Nafuu kubwa huja ndani ya miezi sita ya kwanza na huendelea polepole hadi mwaka na zaidi. Mtaalamu alimpa Mama maharage ya kuchambua na vifungo vikubwa vya koti la zamani. Kila Jumapili nilimhesabia ngumi kwa sekunde 10 na kuandika kwenye daftari: 11, 12, 12, 14.

Alirudi kwenye cherehani mwezi wa tano, meza ikiwa imeinuliwa kwa matofali mawili ili asiinamishe shingo. Sasa ngumi zimefika 18. Sindano anatungiwa na mpwa wangu, na ganzi ya ncha za vidole haijaondoka. Daktari alikuwa ametuambia hilo kabla ya kutia sahihi, kwa hiyo Mama hamlaumu mtu. Anapapasa kitambaa kwa kiganja badala ya vidole, kisha anashona.